Chai ya beri na rozela isiyo na kafeini: nimeinywa moto, baridi, na ya sokoni pia

Nianze na jibu kwa wale wasiopenda kusoma sana: hii chai ni nzuri, inanyweka, rangi yake inavutia na usiku unalala vizuri tu, ila beri unazozilipia hela humo ndani ni chache mno, unachokunywa kwa sehemu kubwa ni rozela, rozela hii hii yetu inayouzwa Kariakoo kwenye viroba. Kama hilo halikusumbui, nunua. Kama linakusumbua basi twende pamoja, maana huko mbele kuna namna ya kuipata ladha hiyo hiyo, tena iliyoshiba zaidi, bila kulipia picha ya boksi.

Jina la kampuni sitaji kwa sababu maboksi ya aina hii ni mengi na ukiyageuza nyuma yanafanana karibu yote, kwahiyo ninayosema hapa yatakufaa hata ukikutana na boksi la rangi nyingine.

Kilichonipeleka kununua ni chai ya usiku. Mi bila chai baada ya chakula cha usiku naona kama sijala, na chai ya rangi nikiinywa kuanzia saa mbili usiku kuendelea inanikesha, saa nane unamsikia mlinzi wa jirani anakohoa na wewe uko macho makavu unahesabu mabati. Nikajaribu ile iliyopunguzwa kafeini, yaani majani ya chai ya kawaida yaliyotolewa kafeini kiwandani, ile haitoki yote, kuna kidogo kinabaki, na ladha yenyewe inakuwa imepooza huelewi unakunywa nini. Rozela ni habari nyingine kabisa, hapo hamna cha kutoa kwa sababu mmea wenyewe hauna kafeini toka unaota, siyo mchai ule wa Mufindi na Njombe, huu uko ukoo mmoja na bamia.

Sasa boksi. Vipaketi 20 vya kuchovya, kila kimoja gramu 2, bei inakaribia elfu ishirini kwenye supamaketi niliyonunua huku Mikocheni. Mbele wamechora rasiberi, stroberi na bluberi kubwa kubwa zinadondosha maji, ua la rozela limebanwa pembeni kule chini kama mgeni asiyealikwa. Geuza nyuma ndo unakutana na ukweli: rozela, matunda ya waridi pori, vipande vya tufaa, majani ya blakiberi, mzizi wa urukususu, ladha za kuongezea, afu mwisho kabisa rasiberi asilimia 2 na bluberi asilimia 1. Na viungo kwenye vyakula vya viwandani vinapangwa kwa uzito, kilichozidi kinatangulia, kwahiyo rozela kuwa ya kwanza na beri kuwa za mwisho siyo bahati mbaya. Piga hesabu mwenyewe. Asilimia 2 ya gramu 2 ni gramu 0.04. Vipaketi vyote 20 ukivimwaga mezani rasiberi yake haifiki hata gramu moja, na hapo tunaongelea unga uliokaushwa. Ile harufu ya matunda inayokupiga ukifungua boksi ni kazi ya zile ladha za kuongezea.

Na harufu inakupiga kweli. Ukichana karatasi ya kipaketi kikiwa kikavu kinanukia jojo, zile jojo za utotoni za rangi ya pinki, kwa mbali unapata kitu cha mvinyo. Nilikichana kimoja nione ndani kuna nini, nikakuta chengachenga nyekundu iliyosagwa karibu kuwa vumbi, vipande vyeupe vya tufaa na majani mawili matatu ya kijani. Hiyo kusagwa sana ina faida yake na hasara yake. Faida ni kwamba rangi inatoka fasta, ukimimina tu maji unaona mstari mwekundu unashuka chini ya kikombe unazunguka, nusu dakika kikombe kizima kimekuwa chekundu, mtu anayependa kupiga picha atafurahi. Hasara ni kwamba uchachu nao unatoka wote kwa pamoja ukitangulia ladha nyingine, na wengi wanadanganywa na hiyo rangi, wanaona imeshakolea wanakitoa kipaketi, wanakunywa maji mekundu yenye ukali wa limao halafu wanasema chai mbaya.

Chai ya namna hii haitaki haraka. Maji yawe yamechemka kabisa, yale ya kububujika, siyo ya vuguvugu yaliyokaa kwenye chupa ya chai toka asubuhi. Chai ya kijani ndo inaogopa maji ya moto sana inakuwa chungu, rozela haina hiyo shida. Mimina kama mililita 200 hivi, kikombe cha kawaida cha nyumbani, siyo yale makombe ya nusu lita, maana gramu 2 kwa nusu lita ni kuosha kipaketi. Funika na kisosi. Hapo kwenye kufunika watu wanapuuzia lakini harufu yote ya beri ni kitu kinachoruka na mvuke, ukiacha wazi inaenda kunukisha jikoni na wewe unabaki na uchachu. Dakika tatu nimeonja: chachu, nyembamba, beri iko puani tu, mdomoni haipo. Dakika saba: hapo ndo imekaa, tufaa na matunda ya waridi yameanza kutoa utamu wao na ule mzizi wa urukususu umeanza kufanya kazi, unameza na sekunde chache baadaye unasikia utamu unabaki nyuma ya ulimi wakati hujaweka sukari. Dakika kumi na kitu nayo inanyweka ila majani ya blakiberi yanaleta ukavu fulani kwenye ufizi, mi naishia saba au nane. Ukitoa kipaketi usikikamue na kijiko, kile kinachotoka mwishoni ni ukali mtupu na vumbi.

Ladha kwa ujumla, mdomoni kinaanza kitu cha ukwaju, chachu safi ya kukutoa mate, katikati panakuja kitu cha zabibu na tufaa la kuiva, afu mwisho utamu wa urukususu. Wa pwani huo mzizi mtakuwa mnaujua, wasioupenda hapa watasumbuka, kuna mtu nyumbani alionja akauliza mmeweka dawa ya kikohozi? Rasiberi nimeitafuta sana. Ipo kwenye harufu. Ukiziba pua ukanywa, haipo.

Sukari sasa. Kavu kavu inanyweka kama umezoea vitu vichachu, ila kwa Mtanzania wa kawaida kijiko kimoja kidogo kinaitengeneza, uchachu unageuka kuwa utunda. Asali ya Tabora ile nyeusi nzito nimeijaribu na sikuipenda humu, ina nguvu zake nyingi inafunika kila kitu, unabaki unakunywa asali ya moto yenye rangi nyekundu. Asali nyepesi sawa.

Maziwa, jamani, hapana! Najua sisi chai bila maziwa kwa wengine ni adhabu, shemeji yangu alikuja kutembea nikamkaribisha, nikageuka kidogo tu kuchukua vitafunio nikasikia, "Shemeji, mbona hii chai yako imekuwa mtindi?" Kashamiminia maziwa. Ile asidi ya rozela inayakata hapo hapo, yanakuwa mabonge ya zambarau yanaelea, haiokoleki, mwaga.

Maji pia yanabadilisha mambo kuliko nilivyotegemea. Huku kwetu maji ya bomba yakikata tunatumia ya kisima, yale yenye chumvichumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika la umeme. Kipaketi kile kile, dakika zile zile, kwenye maji ya kisima chai ilitoka zambarau iliyofifia kama rangi ya nguo iliyofuliwa sana, na uchachu umelala. Kwenye maji ya chupa ikatoka nyekundu ya kung'aa. Kinachotoa rangi kwenye rozela ni anthosayanini, kwenye asidi zinakuwa nyekundu na maji yakiegemea upande wa magadi zinavutika kwenda zambarau na bluu. Ukitaka kuona sinema weka chembe ya baking soda kwenye kikombe cha kutupa, watoto watapiga kelele. Kwahiyo kama ya kwako inatoka na rangi ya huzuni usikimbilie kulaumu boksi, kamulia ndimu kidogo tu na wekundu unarudi unaangalia.

Ila mahali ambapo hii kitu inashinda ni baridi. Aisee. Moto naipa alama sita na nusu kwa kumi, baridi naipa nane. Vipaketi vinne kwenye lita moja ya maji salama ya kunywa, jagi la kioo, funika, weka friji usiku mzima, asubuhi unatoa vipaketi. Haijaguswa na moto kwahiyo ule ukali haujatoka wote, inakuwa laini, tamu kiasi chake, na hata beri inasikika kidogo. Ukitaka haraka chovya kwenye maji ya moto machache, acha dakika nane iwe nzito, koroga sukari ikiwa bado ya moto, ndo umimine juu ya barafu. Kwa jua hili la Dar la mwezi wa kwanza, saa tisa mchana, glasi moja yenye barafu na kipande cha ndimu, soda sitaki tena. Tangawizi mbichi iliyopondwa inakubaliana nayo vizuri sana, karafuu pia ila iwe moja tu kwa jagi zima, mbili zinageuza kila kitu kuwa dawa ya meno.

Na hapa dunia nzima ilishatutangulia, kuinywa baridi siyo ugunduzi wangu. Misri na Sudan wanaiita karkade, wanaimimina kwenye sherehe na harusi. Senegal ni bissap, Ghana sobolo, Nigeria zobo na tangawizi ya kuwasha, Mexico wanaiuza kwenye madumu ya kioo barabarani, na Jamaica Krismasi bila sorrel haijawa Krismasi, ile wanaweka tangawizi na wengine ramu. Hawa wa kuweka kwenye vipaketi vya kuchovya na kuchanganya na matunda wamekuja baadaye sana, Marekani kampuni ya Celestial Seasonings ya Colorado ilitoa Red Zinger yake 1972 na mpaka leo ipo sokoni, rozela ndo uti wa mgongo wake. Maboksi mengi ya beri unayoyaona sa hivi yanafuata njia hiyo hiyo, rozela inatoa rangi na uchachu, vingine vinaigiza tunda.

Ndo ikanijia, kwa nini nisiende kwenye chanzo. Nikaenda Kariakoo upande wa viungo, kwa mzee mmoja ambaye huwa nanunua kwake iliki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo iliki?"

"Leo nataka rozela kavu."

Akafungua viroba viwili, akachota kidogo kila kimoja akaniwekea mkononi. Cha kwanza kilikuwa cha kahawia kahawia, kinavunjika kama majani makavu. Cha pili chekundu cheusi kama damu ya mzee, ukikibonyeza kinapinda hakikatiki, na ukikitafuna kinakukunja uso. "Hii ya bei rahisi imekaa, na jua limeila," akasema, "hii nyingine ya mwaka huu, ukipika robo unapata rangi ya kilo." Chumvi ya mfanyabiashara hiyo, lakini kwenye kuchagua alikuwa sahihi. Kwahiyo ukienda tafuta nyekundu iliyokolea, inayopinda, yenye vipande vizima. Kile tunachokiita ua la rozela siyo ua lenyewe, ni ile ganda nene nyekundu inayobaki na kufunika tumba la mbegu ua likishadondoka, kwahiyo kikiwa kizima utaona umbo lake la kikombe kidogo chenye vidole vitano, na ndani kusiwe na mbegu. Ikiwa unga unga usinunue, hujui kilichosagwa humo.

Kasoro ya ya sokoni ni mchanga. Inaanikwa chini kwenye mikeka au maturubai, upepo unafanya yake, kwahiyo unaisuuza haraka kwenye maji baridi kabla ya kuipika, haraka nimesema, ukiiloweka rangi yote inaenda na maji. Na usiichemshie kwenye sufuria za aluminiamu tulizozoea, asidi inazila, tumia stili au birika la kauri. Kikombe kimoja nilitumia vipande kama vitano sita, dakika kumi, nikachuja. Uzito wa ladha ni mwingine kabisa, yaani ya boksi ukiinywa baada ya hii unaona imesimuliwa. Shida ni kwamba rozela peke yake ni kali na ladha yake inaenda mstari mmoja, hapo ndo nikaelewa kwa nini wale wa boksi wanaweka tufaa na waridi.

Beri nikatia zangu. Stroberi za Lushoto ukizikuta zimeiva vizuri, tatu nne ukaziponda na kijiko chini ya jagi halafu ukamimina chai ya moto juu, zinatoa ile harufu ambayo boksi inaigiza, tofauti ni kwamba hii haipotei ukiziba pua. Forosadi ni kali zaidi ya hapo, kama una mti jirani au watoto wanaouza kwenye vikopo, zichukue zile nyeusi kabisa, zina utamu mzito na zinafuta uchachu kiasi kwamba sukari huhitaji. Zambarau nilijaribu pia, zinakausha mdomo mno, sirudii. Nikaweka na ganda la tufaa kwa sababu nilikuwa nalo tu jikoni, na ikakaa sawa.

Kuhusu afya nitasema kifupi kwa sababu najua mtauliza. Hiyo ya kuongeza damu ambayo kila muuzaji anaisema, wekundu wa rozela ni ile anthosayanini niliyoitaja, rangi ya damu siyo damu, mtu mwenye upungufu wa damu aende hospitali. Ya kushusha presha ina msingi wake, 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima 65 ambao presha zao zilikuwa zimepanda kidogo, waliokunywa vikombe vitatu vya rozela kwa siku kwa wiki sita namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 7.2, na waliopewa kinywaji cha kuigiza ilishuka 1.3. Siyo muujiza lakini siyo bure. Ndo maana kama unameza dawa za presha uongee na daktari kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku, na mjamzito pia aulize kwanza. Cha kuchekesha ni kwamba urukususu uliomo kwenye boksi langu ukiunywa kwa wingi unajulikana kwa kupandisha presha, kwahiyo mtu wa presha anayekimbilia boksi la namna hii kama dawa asome viungo kwanza, au anunue rozela tupu. Wenye vidonda vya tumbo na kiungulia msiinywe tumbo likiwa tupu, ni asidi hii. Na meno, ukimaliza sukutua na maji.

Nani anunue boksi? Mtu wa ofisini, kwanza. Pale hamna chujio, hamna muda, unachovya unafunika na karatasi unaendelea na kazi, na saa kumi jioni ukinywa haikuharibii usiku. Msafiri. Mtu anayetaka zawadi ya heshima kidogo, linapendeza mezani. Mwenye jiko na friji yake mi naona hela iende Kariakoo, kwa bei ile ile nilipata mfuko wa rozela ambao bado tunao na hatujabana matumizi. Wale wajasiriamali wanaouza juisi na jamu za rozela Sabasaba nao wangekaa chini wakachanganya rozela, forosadi kavu na ganda la limao kwenye vipaketi, ningekuwa mteja wa kwanza, na beri ziwe hata asilimia 20 jamani, matunda tunayo.

Boksi ukilinunua hamishia vipaketi kwenye kopo lenye mfuniko, hewa ya pwani inaingia kwenye ile karatasi nyembamba na harufu ya beri ndo inaondoka ya kwanza. Na vaa nguo nyeusi. Tone moja kwenye shati jeupe, hiyo haitoki.